Darizi ya Kijapani ikishatoka sindanoni: fremu, kakejiku, fukusa au obi?

Usifungue kamba bado. Uzi wa mwisho umekatwa, korongo yuko pale mbele yako, kila unyoya umelala upande wake, na vidole vinawasha kukitoa kitambaa kwenye kiunzi ili mtu akione. Kazi nyingi za hariri huharibika saa hiyo, baada ya mshono wa mwisho na kabla ya mtazamaji wa kwanza.

Mimi nilifungua usiku uleule. Kesho yake nikampelekea fundi mmoja wa fremu mtaani kwetu, Mombasa. Akabandika kitambaa kwenye kadibodi kwa gundi nyeupe ya mbao, akalaza kioo juu yake, akakaza vimisumari kwa nyuma. Miezi mitatu mizima kila mgeni aliisifia. Masika yalipokwisha nikaona doa la kijivu kwenye bawa la kushoto. Nilipoinua kioo, bawa likainuka nacho: hariri ilikuwa imenata, na nyuzi zikavutika kutoka kwenye kitambaa kama utando wa buibui.

Lawama si ya fundi peke yake. Yeye aliletewa picha, akaifanyia kama afanyiavyo picha. Mimi ndiye niliyekuwa sijaamua chochote. Nilikwenda kwenye fremu kwa kuwa fremu ndiyo niliyoizoea kuiona ukutani, wala sikujiuliza kama korongo yule alishonwa ili akae ndani ya fremu.

Japani kwenyewe kuna njia nne ambazo mdarizi wa nyumbani anaweza kuzifikiria. Ya kwanza ni fremu. Ya pili ni kakejiku, picha ya kuning'iniza inayoviringishwa na kuwekwa sandukuni. Ya tatu ni fukusa, kitambaa cha mraba chenye bitana cha kufunikia zawadi. Ya nne ni obi, mkanda mpana wa kimono. Ninavyoziona mimi, tofauti yao haiko kwenye uzuri. Hariri ina maadui wanne, ambao ni mwanga, unyevu, msuguano na mkunjo, na hakuna njia inayoikinga na wote. Kila moja inamfungia mlango adui mmoja na kumwachia mwingine dirisha. Ukichagua njia, umechagua adui utakayeishi naye.

Kwa nini hariri hii ni nyepesi kuumia

Uzi wa darizi ya Kijapani huja bila kusokotwa. Uzi mmoja una nyuzi nyembamba 12 zilizolala bega kwa bega, na mdarizi mwenyewe ndiye anayezigawa, kuzizidisha, au kuzisokota kwa viganja kabla ya kuzitia sindanoni. Ukishona na uzi wa bapa, yaani usiosokotwa, unapata ule mng'ao wa maji ya asubuhi unaobadilika ukisogeza kichwa. Lakini nyuzi hizo hazishikani zenyewe kwa zenyewe. Ukucha mkavu unatosha kuzichambua.

Ushahidi mkubwa wa jambo hili uko Nara, Japani. Baada ya Mwanamfalme Shōtoku kufariki mwaka 622, mmoja wa wake zake, Tachibana no Ōiratsume, aliomba yatengenezwe mapazia ya darizi yanayoonyesha nchi ya peponi alikokwenda mumewe. Mwaka 1275, katika enzi ya Kamakura, yakatengenezwa mengine ya kuyaiga, kwa kuwa yale ya kwanza yalikuwa yamechakaa. Baadaye mabaki ya kazi zote mbili yaliunganishwa pamoja, na leo ni hazina ya taifa ya hekalu la Chūgū-ji. Sasa tazama: vipande vya karne ya 7 ndivyo vyenye rangi kali na mishono iliyoshikamana, na vya karne ya 13, vilivyo vichanga kwa miaka 650, ndivyo vilivyopauka na kuvunjika. Wale wa kwanza walitumia uzi uliosokotwa kwa nguvu. Wa Kamakura walitumia uzi uliolegea.

Kwa hiyo kabla ya kulinganisha lolote, geuza kazi yako uitazame. Je, sehemu kubwa ni uzi wa bapa au uliosokotwa? Mishono mirefu ina urefu gani? Kuna mahali ulipotia pamba au nyuzi chini ili pavimbe? Na zari je, umeitumia kiasi gani? Majibu hayo yanakata nusu ya mjadala.

Kazi ya kwenye kiunzi haina mbadala

Njia yoyote utakayochagua, hatua hizi ni zilezile, na zote zinafanyika kitambaa kikiwa bado kimekazwa kwenye kiunzi. Kaza kamba tena, maana kitambaa hulegea kadiri unavyoshona. Kata mikia ya nyuzi kwa nyuma. Lile vumbi la miezi liondoe kwa kugonga nyuma ya kitambaa polepole kwa vidole, na kwa mbele uguseguse tu kwa kipande cha mahameli. Kupangusa hapana.

Kisha wanga. Wajapani hutumia wanga wa ngano, unga ulioondolewa ule utomvu unaonata, ukapikwa mpaka ukawa kama uji mwepesi unaopitisha mwanga. Mimi napika kijiko 1 cha wanga kwa vijiko 5 vya maji, nakoroga bila kuacha, na nikishauepua nauchuja kwenye kitambaa cha melimeli. Unachukua kidogo kwenye ncha ya kidole na kuupaka nyuma ya mishono peke yake, usitoke nje ya mchoro, halafu unapangusa uliozidi kwa kitambaa kilichokamuliwa vizuri. Kazi yake ni kushika nyuzi zisizosokotwa zisiteleze. Aliyewahi kutia wanga kofia ya vito anaujua wanga, lakini hapa aisahau ile kofia, maana kofia tunaitaka isimame wima, na hariri ikisimama wima ujue umeiua. Wanga ukizidi unapenya hadi mbele, na doa lake halitoki.

Baada ya wanga ni mvuke, kwa nyuma, pasi ikiwa juu ya kitambaa chenye unyevu, bila kukandamiza. Hapo ndipo uzi uliokuwa umejikunja unanyooka na mng'ao unarudi. Halafu subiri. Usiku mzima, na kwa hali ya hewa ya pwani mimi nangoja siku mbili, feni ikizunguka mbali. Korongo wangu hakupata wanga, wala mvuke, wala hizo siku mbili.

Jihadhari na zari. Ya kwetu kwenye joho na bushuti mara nyingi ni waya mwembamba wa madini uliozungushwa kwenye uzi. Ya Kijapani ya daraja la juu ni jani la dhahabu lililobandikwa kwenye karatasi ya washi, karatasi ikakatwa vipande vyembamba mno na kuzungushwa kwenye uzi. Kwa maneno mengine ni karatasi, na ikilowa inafunguka kama bendeji.

Fremu na kakejiku

Hizi mbili ndizo zinazowachanganya watu, kwa sababu zote ni za kutazamwa, hazivaliwi wala hazishikwi.

Wapo wanaoidharau fremu kwa kuiona ya kizungu. Si haki. Katika enzi ya Meiji, 1868 hadi 1912, wadarizi wa Kyoto walishona picha za hariri zenye simba, tausi na mawimbi ya bahari, zikatiwa kwenye fremu na paneli na kupelekwa kwenye maonyesho makubwa ya dunia huko Ulaya na Marekani. Baadhi yake leo ziko kwenye Makumbusho ya Kiyomizu Sannenzaka, Kyoto, baada ya kukusanywa na kurudishwa nyumbani. Zilishonwa ziwe hivyo tangu mwanzo: mishono mirefu isiyoguswa na mtu, manyoya yaliyovimbishwa, rangi juu ya rangi.

Hilo ndilo fremu inaloliweza kuliko zote: inabeba unene. Ukivimbisha kifua cha ndege, ukipanga zari mistari ishirini, ukishona vifundo vidogo vya katikati ya ua, fremu haina neno. Msuguano hakuna, mkunjo hakuna. Lakini mwanga upo saa zote, kila siku, mwaka baada ya mwaka. Makumbusho huweka hariri kwenye mwanga wa lux 50 hivi, ambao ni giza la magharibi ukilinganisha na sebule yenye madirisha mawili, na hata hivyo huziondoa ukutani zikapumzike. Rangi iliyochujuka hairudi. Kwa hiyo ukichagua fremu, chagua na ukuta: usiopigwa na jua hata kwa dakika 10 za saa kumi jioni, usio wa bafu wala jiko, na usio ukuta wa nje unaotoa jasho wakati wa mvua.

Na fremu yenyewe itengenezwe kwa masharti yako. Kitambaa kisibandikwe. Kivutwe juu ya ubao uliofunikwa kitambaa cha pamba, kisha kingo zake zishonwe kwa nyuma kwa uzi unaokwenda huku na huku kama kamba za kiatu. Kadibodi ya duka la kawaida ina asidi inayogeuza hariri manjano. Omba isiyo na asidi. Kati ya kioo na hariri iwepo nafasi, nusu sentimita au zaidi kama umevimbisha, ikishikiliwa na kijiti chembamba kilichofichwa pembeni. Plastiki ngumu badala ya kioo ni nyepesi na haivunjiki, lakini ukiifuta inapata chaji ya umeme inayovuta nyuzi za bapa. Kioo ni bora, na kile kinachozuia miale mikali ya jua ni bora zaidi. Fundi akikwambia hayo yote ni mbwembwe, mshukuru ubebe kazi yako.

Kakejiku inakwenda kinyume kabisa. Kitambaa kinabandikwa kwa nyuma tabaka za washi kwa wanga wa ngano, kinazungushiwa pindo za hariri nyingine, juu kijiti, chini gogo dogo la kukizungushia. Haikai ukutani mwaka mzima. Inatundikwa tokonoma, ile sehemu ya ukuta iliyoingia ndani kwenye chumba cha wageni, kwa majuma machache ya majira yake: maua ya plamu mwishoni mwa baridi, majani mekundu majira ya kupukutika majani, korongo na msonobari mwaka mpya. Kisha inaviringishwa na kurudi kwenye sanduku la mti wa kiri, mbao nyepesi inayovimba na kuziba nyakati za unyevu. Kwa mwanga hakuna njia inayoishinda. Kazi inayoonekana majuma matatu kwa mwaka inaishi gizani majuma 49.

Bei ya usalama huo ni mkunjo. Kila ukiviringisha, mbele inabanwa na nyuma inavutwa. Darizi bapa inavumilia. Kifua cha ndege kilichovimbishwa hakivumilii: kinajichora kwenye tabaka la juu yake, halafu kinavunjika kwenye ukingo. Zari iliyopangwa kwa wingi ina shida hiyohiyo, hasa ikiwa imelala sambamba na gogo. Kuna dawa ya nusu, ambayo ni kipande cha mbao kinachovishwa kwenye gogo ili liwe nene na mviringo uwe mpana, lakini hakigeuzi kazi nene kuwa nyembamba.

Tatizo la pili ni mtu wa kuitengeneza. Kakejiku si kazi ya kujaribia nyumbani. Mafundi wake huitwa hyōgushi, na kazi yao ni ufundi kamili unaojitegemea, na katika kubandika huko kitambaa chako kitalowa. Kabla ya kuituma popote, chukua karatasi laini nyeupe, iloweshe kidogo, iguse nyuma ya kila rangi, ukianza na nyekundu. Ikiacha alama, sahau kakejiku.

Ukinilazimisha kuchagua kati ya hizi mbili bila kuiona kazi, nitasema fremu, kwa sababu moja ya kibinadamu. Mtu anayeishi Dar, Muscat au Birmingham hana tokonoma, na kakejiku isiyo na mahali pake inaishia kutundikwa kwenye msumari mwaka mzima. Hapo umepata mwanga wa fremu bila kioo chake. Lakini kama kazi yako ni nyembamba, nyuzi zimesokotwa, na wewe ni mtu wa kupenda vitu vibadilike na majira, kakejiku itaishi kuliko wewe.

Fukusa, ninayoipenda mimi

Zamani za Edo, enzi iliyotangulia ile ya Meiji, zawadi ya heshima iliwekwa kwenye sanduku au sinia la laka, ikafunikwa fukusa iliyotariziwa picha inayolingana na shughuli. Mpokeaji aliitazama, akaisifia, akachukua zawadi, na fukusa ikarudi kwa mwenyewe pamoja na chombo, mara nyingi na kitu kidogo ndani yake. Mswahili haambiwi mara mbili hapo. Sinia likija na kawa juu, halirudi tupu. Makumbusho ya Victoria and Albert, London, yana fukusa za aina hiyo, na ukiziona pamoja na vishada vyake vya pembeni unaelewa kwamba kitambaa chenyewe kilikuwa nusu ya salamu.

Kwa upande wa umaliziaji, fukusa ndiyo njia pekee kati ya hizi nne ambayo mdarizi anaweza kuikamilisha mwenyewe mezani kwake. Unahitaji bitana ya hariri, mara nyingi ya krepu nyekundu, iliyokatwa kubwa kidogo kuliko uso ili itokeze pembeni kama utepe mwembamba. Unashona kwa mkono, unaacha mwanya, unageuza, unafunga, unatia vishada kwenye pembe. Hakuna gundi wala kioo wala fundi wa kubembelezwa. Ukitaka kubadilisha mawazo baada ya miaka kumi, unafumua bitana na kuitia kwenye fremu. Kakejiku au picha iliyobandikwa haikupi ruhusa hiyo.

Adui wake ni mikono. Jasho, pete, mafuta ya nazi kwenye viganja. Fukusa inataka mishono mifupi, na pale ulipolazimika kushona mrefu, upitishe mshono mwembamba juu yake wa kuufunga. Kuitunza, ilaze bapa, uso umefunikwa karatasi laini isiyo na asidi. Ukilazimika kuikunja, tia bomba la karatasi ndani ya mkunjo usije ukawa mstari. Na tafadhali, najua mazoea yetu: usiifukize udi. Harufu nzuri ile ni mafuta yanayopanda na moshi na kulala juu ya hariri.

Obi kwa kifupi

Kama huvai kimono wala humjui anayevaa, pita. Obi ni kitu cha kazi: hufungwa, hukazwa, hukaliwa, huegemezwa kwenye kiti cha gari moshi. Ile aina iitwayo Nagoya ina upana wa sentimita 30 hivi na urefu wa mita 3.6 hivi, na mchoro unawekwa mahali pawili tu, mmoja mkubwa utakaotokea mgongoni na mmoja mdogo wa tumboni. Ukikosea nafasi kwa sentimita chache, korongo anatokea nusu, kichwa kimezama kwenye mkunjo. Nafasi hiyo hupimwa kabla ya sindano ya kwanza, na hapo ndipo obi inapotofautiana na nyingine zote: haiwezi kuwa uamuzi wa mwisho wa kazi. Nyuzi zisokotwe, mishono iwe mifupi, zari ifungwe karibukaribu. Wadarizi wa Kamakura wangeshindwa hapa kwa siku moja.

Unyevu, kwa njia zote nne

Wanga ni chakula. Ukungu unaupenda, na wadudu wanaupenda. Japani nayo ina msimu wa mvua na joto, kwa hiyo wana desturi ya kutoa kimono na kakejiku kivulini zipigwe na upepo siku kavu: baada ya mvua za kiangazi, tena majira ya kupukutika majani, na mara ya tatu katikati ya baridi. Sisi tunaweza kufanya hivyo wakati wa kaskazi kavu, na tena kabla ya vuli. Kivulini, saa nne asubuhi hadi saa nane, mikono imeoshwa na kukauka.

Kwenye sanduku, ukiweka kafuri baki na kafuri, ukiweka naftalini baki na naftalini. Zikikutana zinaweza kuyeyuka na kudondoka kwenye hariri. Na chochote kati ya hizo kisiguse zari.

Korongo wangu nilimrudisha kwenye kiunzi mwaka uliofuata. Bawa la kushoto nilifumua lote, siku mbili za koleo na miwani, nikalishona upya kwa uzi uliosokotwa kidogo, ambao haung'ai kama lile la kulia. Ukisimama mbele yake unaona wazi ndege ana mabawa mawili ya tabia mbili. Sasa yuko kwenye fremu yenye nafasi ya sentimita moja, kwenye ukumbi usio na dirisha. Kiunzini sasa hivi pana majani ya mti wa maple wa Kijapani, momiji, mekundu na ya kahawia, mishono yote mifupi kuliko kucha ya kidole kidogo, maana bitana yake nyekundu nilishainunua kabla ya kutunga uzi wa kwanza.